Kikapu Ulichoniachia Nusu

Susu wangu,

Bado nakuita Susu, kama ninavyomwita nyanya yangu Machakos, ingawa watu wako ni wenyeji wa asili wa milima ya magharibi, mwisho kabisa wa nchi hii ya Marekani, na mimi nilikuwa tu msichana wa kukuogesha pale Rockville.

Nimeolewa, Susu! Na Kioko, yule uliyesema ana macho ya mtu anayerudi nyumbani. Kila asubuhi naamka hapa Takoma Park, namwona kando yangu, moyo unaruka kama wa mtoto. Laiti ungeishi utuone kanisani!

Lakini leo kila sentensi mbili nainuka kuzunguka sebule. Binti yako Lorraine yuko njiani kuja kuchukua kikapu.

Kile cha mizizi ya mwerezi, ulichofikisha nusu ukaniambia, "Malizia." Nimemalizia. Nimepasua mizizi, nimetoboa kwa msharasi wako wa mfupa, nimeshona mzunguko juu ya mzunguko, nimepachika pambo la gome jekundu la mti wa mcheri ulivyonionyesha. Lakini mkono wangu ulikulia kwenye kusuka vyondo vya kwetu, Susu. Mishono yako inainamia kulia, yangu kushoto. Inaonekana hata kutoka mlangoni. Lorraine akisema hii si kazi ya mama yake, atafumua sehemu yangu yote, na kitu pekee tulichokifanya pamoja, mimi nawe, kitakuwa kimekwisha.

Kioko ananitania: "Bibi harusi, utalitoboa zulia la watu kwa hizo hatua." Nampenda hata akinichokoza.

Kengele ya mlango. Narudi.

Lorraine ameenda. Ngoja nipumue.

Hakukubali kuketi. Alipitisha kidole kwenye mishono yako, akafika inapoanzia yangu, kidole kikasimama. Halafu akaomba maji, maana kikapu cha kwenu kikishonwa vizuri hushika maji. Akakijaza kikapu mpaka ukingoni, akakiweka juu ya meza yetu mpya.

Tone. Tone jingine. Upande wangu, Susu, upande wangu! Kioko akakimbilia taulo. Nikamshika mkono, maana nilikusikia kabisa: "Kikapu kipya hulia kwanza. Mizizi ikinywa, itanyamaza." Tulisimama watatu, tukihesabu. Matone yakachelewa. Yakachelewa zaidi.

Yakakoma.

Lorraine akafuta macho. "Alikupiga vidole ukikosea?" akauliza. Nikamwambia, kila siku. "Hata mimi," akasema, akacheka kicheko chako, kilekile, nikalia mimi sasa.

Amekichukua chote, na mishono yangu ndani yake. Ulinionya kwamba cha kwanza hutolewa, hakikai na mshonaji, lakini hukuniambia kukitoa kungeuma hivi. Ameniachia msharasi wako na kitita cha mizizi iliyobaki.

Mizizi imelala majini kwenye hodhi la kuogea, inalainika. Mume wangu ataoga kwa ndoo. Ananuna huku anacheka.

Pumzika, Susu wangu. Naahidi: cha pili nitakishona kwa mkono huuhuu unaoinamia kushoto, na kikianza kulia, hatutakimbilia taulo.

Mwende wako