Kiti cha Mama na Gundi ya Zamani

Karakana ya Useremala,
Mlango wa Nyuma.
9 Juni

Kwako Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mgongo wako vipi, bado unakusumbua ukiinama? Mama mdogo na wadogo zangu wanaendeleaje? Sisi tuzima, isipokuwa mama aliteguka kifundo cha mkono, nacho kinapoa. Baba anakula na kutembea vizuri. Ni kichwa chake kilichonifanya nikuandikie, maana nimechanganyikiwa.

Tangu aanze kusahausahau, kazi za karakana nafanya mimi, yeye ananielekeza. Majuzi nilikuwa natengeneza kiti cha mama cha kushonea, kilicholegea mguu. Baba akaniambia nikishapaka gundi nikaze kibanio cha kushikiza mguu mpaka kigome. Kesho yake akaja juu: "Ukikaza hivyo gundi yote inatoka, mbao zitashikwa na nini?" Nikalegeza. Baada ya chakula akauliza mbona nimelegeza.

Nikabahatisha katikati, si kukaza sana wala kulegeza sana. Mama alipokikalia, mguu ukachomoka, akaangukia mkono.

Baba aliuokota ule mguu, akapapasa ulimi wake, ile ncha inayoingia tunduni, kwa kidole gumba. "Msumari," akaniita, "hukukwangua gundi ya zamani. Mpya haishiki juu yake." Msumari ndiye wewe, Baba Mdogo. Mimi hakunitambua, lakini kosa la kwenye mbao alilitambua mara moja.

Basi nikakwangua ulimi na tundu lake mpaka mbao yenyewe ikaonekana. Nikavijaribu vikavu kwanza, vikakaa sawa, ndipo nikapaka gundi kidogo pande zote mbili. Chini ya vibanio niliweka vipande vya mbao visiache alama. Nikakaza taratibu. Gundi ilipochungulia kwa vitone kuzunguka kiungo, baba akanishika mkono: "Hapo. Acha." Nikafuta iliyotoka kwa kitambaa chenye maji, nikakiacha siku nzima. Sasa mama anakikalia, hakichezi.

Ila siku ile hakuuachia mkono wangu. Akasema, "Msumari, nilikufukuza humu ndani mbele ya wateja. Hukuwa na kosa. Nilikuwa na hasira za mambo yangu. Nisamehe."

Hayo mlituficha. Siku zote nilidhani uliondoka kwa kupenda. Sikujua nimwambie kwamba mimi ni binti yake, au ninyamaze. Nikajikuta nimejibu, "Yameisha, kaka." Akashusha pumzi, akaenda kujilaza.

Tangu hapo sina raha. Sijui kama nilikuwa na haki ya kumsamehe kwa niaba yako. Mama nimemuuliza, naye kaniambia nikuulize wewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama anakusalimu sana, na fundi viatu wa jirani anakuulizia kila wiki. Mungu awape afya na akufungulie njia ya kuja. Kama nilikosea, umjibu mwenyewe, wakati angali anakumbuka kwamba aliomba msamaha.

Mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wa kaka yako