Mayai Niliyoyaosha

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kikohozi cha mwanao kimepungua. Mimi mwili hauna neno, ila roho haitulii.

Najua shemeji amekwambia amesimamishwa kazi, na nasikia humsemeshi kwa sababu ya uzembe wake. Ngoja nikueleze mimi, maana mumeo hajitetei hata akisingiziwa kuiba jua.

Hapa kituoni tunalea wale kobe wakubwa wa kisiwani. Majike wanaotaga wamebaki wanne tu. Yai la kuku hugeuzwa kila siku, lakini la kobe ukiligeuza, mtoto aliyejishika kwenye ganda la juu hufa. Ndiyo maana shemeji anapoyatoa mchangani huchora kiduara cha penseli juu ya kila yai, na upande huo hubaki juu mpaka kuanguliwa.

Safari hii tulingoja miezi mitano. Mayai kumi na moja, na hakuna lililopasuka. Daktari wa wanyama aliyafungua akakuta vitoto vimekufa, vidogo kama kunde. Akasema yaligeuzwa. Mkurugenzi akauliza nani hushika ufunguo wa chumba cha mayai. Shemeji akajibu ni yeye. Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Keshokutwa kikao kinakaa kumfukuza.

Dada, ni mimi. Siku shemeji alipompeleka mtoto kliniki, aliniachia ufunguo. Wageni walikuwa njiani, mayai yana tope, nikaona aibu. Nikayaosha moja moja, kama tulivyoosha ya kuku nyumbani. Nilipomaliza yaling'aa, na penseli yote imefutika. Ndipo nikakumbuka kazi ya vile viduara. Nikayarudisha kwa kubahatisha, nikachora viduara vipya, nikanyamaza.

Daktari alipoyafungua, shemeji aliona viduara si vya mkono wake. Nilimfuata nje, nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema siku aliponitafutia kazi hii ulimwomba anichukue kama mdogo wake wa tumbo moja, naye alikuahidi. Nililia, dada, mtu mzima na ndevu zangu.

Asubuhi hii nimempa mkurugenzi maelezo yote kwa maandishi, mkononi, kabla sijaanza barua hii, nisije nikaghairi. Nafunga mizigo yangu. Usinililie, na usinipokee kwanza. Msemeshe mumeo.

Wasalimie watoto, uwaambie mjomba anawapenda.

Ni mimi mdogo wako, niliyemponza mumeo.