Redio Ikiita, King'ora cha Mto Huwa Bubu

Mpendwa mshauri,

Nakusoma kila gazeti linapofika Garsen na sikudhani siku moja nitakuwa mimi wa kukuandikia, lakini sina mwingine wa kumwambia maana jambo lenyewe linamhusu mchumba wangu Iha, na wazee wake wameshaleta tembo la uchumba kwetu na baba amelinywa, kwa hiyo kwa Kigiriama mimi ni kama nimeshaolewa. Tunafanya kazi pamoja katika mradi wa kutahadharisha watu juu ya mafuriko, na pale Kulesa, kijiji kilicho kando ya mto, tumefunga sanduku la chuma lenye kompyuta ndogo isiyo na kioo, na ndani mna kipimo cha maji ya mto na redio ya mawasiliano, na maji yakipanda kompyuta inatakiwa kuliza king'ora ili kijiji kikimbie. Kila kifaa kina programu yake ya kukiendesha, ya kipimo niliandika mimi na ya redio aliandika Iha, na vifaa vyote viwili huiita kompyuta kwa waya mmoja, kwa sababu nafasi ya waya wa pili haikuwapo.

Sasa waya kama huo lazima uandikiwe sifa zake ili kompyuta ijue la kufanya, kama ni wa kifaa kimoja au wa shirika, yaani wa vifaa vyote viwili, na kama wito ni wa kupita au unabaki mpaka aliyeita ahudumiwe, na mimi niliandika kuwa ni wa shirika na wito unabaki, lakini Iha ameandika kuwa waya ni wa redio peke yake na wito ni wa kupita, na kompyuta inafuata maelezo yake kwa kuwa ndiyo inayoyasoma kwanza. Redio ikiita, programu yake inajibu kisha inafuta kila wito, hata wa kipimo uliokuwa ukingoja. Nilijaribu kwa ndoo, nikaweka boya la kipimo ndani yake na kumimina maji likapanda, huku mwenzetu akiita kwa redio, na king'ora hakikulia.

Nilipomwonyesha Iha alicheka. "Kadzo, mto na redio vitaita pamoja lini wewe? Mara moja kwa mwaka?"

Nikamwambia, "Mto ukijaa ndipo kila mtu hushika redio."

Hapo akakasirika, akasema tukiandika shirika redio itakuwa inakatakata maneno mbele ya wageni siku ya uzinduzi, na yeye ameahidiwa cheo. "Ukimwambia mkubwa, kaolewe na hiyo kompyuta!"

Kinachonikosesha raha ni shangazi yangu Dama anayelima Kulesa, kwani miaka yote vijana wa huko walikaa zamu ukingoni na baragumu wakati wa mvua, na sasa wameacha. Aliniambia kwa furaha, "Mwanangu, tumewaambia vijana wakalale, mto umepata mlinzi," na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Mvua zimeanza huko juu na maji yamebadilika rangi. Nikisema nampoteza Iha na kumwaibisha baba, nikinyamaza sijui itakuwaje. Nifanye nini?

Kadzo, Garsen

JIBU

Binti yangu,

Nakuhurumia, lakini kwanza nikugombeze. Ndoo ilikwambia ukweli mbele ya macho yako, nawe ukaketi kumwandikia mtu aliye Mombasa, hali shangazi yako yuko safari ya asubuhi moja!

Usiseme Iha amekosea. Anajua waya ni wa wawili na ameandika ni wake. Nchi hii tunaijua kalamu ya namna hiyo: mtu anajiandikia cha wote, kisha wengine wanapata habari siku ya maafa. Na uwembamba wa waya haupunguzi unyang'anyi. Angewauliza Waorma wanaopeleka ng'ombe mtoni kwa malka, ile njia ipitayo kati ya mashamba. Kundi likishakunywa huondoka na kuiacha njia wazi kwa linalofuata. Anayeifunga kwa sababu ng'ombe wake wameshiba ametafuta vita. Kushiriki waya mmoja si aibu. Wageni wakisikia redio inakatakata, wakunje nyuso zao wanavyotaka, wao hawalali Kulesa.

Tembo la baba yako lina desturi ya kurudishwa. Shangazi akichukuliwa na maji, ni mzee gani atakayekaa kitako kumrudisha?

Nenda Kulesa kabla hujamwona mkubwa yeyote. Sema mbele ya watu wote kwamba king'ora hakitegemeki, vijana warudi ukingoni na baragumu lao. Kisha mpelekee mkubwa wako ndoo, umwage maji mbele yake huku redio ikiita, maneno matupu atayapinga. Maelezo yasahihishwe: waya wa shirika, wito unabaki, na kila programu ifute wito wake tu. Iha akija kushika ndoo pamoja nawe, olewa naye. Asipokuja, umeponea.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika ndipo nikatazama muhuri wa posta. Barua yako imekaa njiani muda mrefu, na leo naambiwa magari hayafiki tena Garsen, barabara imeliwa na maji. Gazeti hili halitakufikia. Kwa hiyo sasa nasema na ninyi mnaolisoma Malindi na Mombasa, wenye jamaa huko Kulesa. Majina ya watu katika barua hii nimeyabadili. La kijiji nimeliacha. Njia iliyobaki ya kuwafikia ni redio ileile ya sandukuni, na kila anayeita anakiziba king'ora mdomo. Iteni hata hivyo, mara moja tu, na msiulize habari za nyumbani. Waambieni watoke.