Mafiga ya Bibi Lucinda

Kilimani, Kitaya
24 Oktoba 1999

Mke wangu Bibi Lucinda,

Pokea salamu, uzigawe mwenyewe hapo nyumbani: kubwa chukua wewe, itakayobaki mpe Mama mdogo Anna. Mimi mzima, nimepungukiwa nyusi tu. Ziliungua. Sista Doris anasema uso wangu umekuwa kama yai, lakini wasichana wa Kitaya wanaliangalia sana yai hilo, kwa hiyo uwe na wivu huko uliko. Wewe je, kifua kimeacha kukohoa moshi? Miguu inasemaje?

Mwandiko usiucheke. Darasa la tano niliacha mimi, halikuniacha lenyewe.

Tangu lori la korosho likuchukue, tumepanda tena mlimani mimi, Padre Mikaeli na Sista. Kanisa limesimama, limeungua mlango tu. Mabweni ya wageni yamekwisha, paa zote jivu. Jiko lako limebaki ukuta mmoja, nao umeinama kama mlevi anayetaka kukuamkia. Wale waliotia moto nyasi ili watoe panya wamejulikana, ni vijana wa kijiji cha pili. Walikuja kuomba radhi, Padre akawasamehe palepale. Mimi nimewaambia nitawasamehe wakishamaliza kukata nguzo.

Huku kila mtu anasimulia moto kwa namna yake, na kila anaposimulia mimi nazidi kuwa shujaa. Nasema nilibeba sanamu ya Bikira Maria bega hili, na Padre bega lile. Kama hukuniona ni kwa sababu ulikuwa mbele yetu wote, unateremka kama swala. Mwanamke wa miaka sitini na kitu! Nilidhani nimeoa bibi kizee, kumbe nimeoa pikipiki.

Padre anataka tufungue tena baada ya Pasaka. Walimu na watu wa bandari wa Mtwara wameshaanza kuuliza ni lini watarudi kwenye mafungo yao ya kukaa kimya. Basi rudi upesi. Anayepika sasa ni Sista Doris. Kwao Bukoba wanajua ndizi, hilo simnyimi, ila ugali wake wa jana nilitaka kuuweka kwenye msingi.

Mumeo,
Orlando


Chuno, Mtwara
12 Novemba 1999

Mume wangu usiye na nyusi,

Barua yako imefika kwa mkono wa Godfrey dereva. Mimi sijambo. Kifua kimetulia, Anna ananinywesha tangawizi hadi jasho langu linanukia tangawizi. Wewe unakula? Habari za wasichana usiniandikie, niandikie unakula nini.

Hiyo pikipiki yako nilimsomea Anna, tukacheka wote. Halafu nikaisoma tena peke yangu, na sikucheka.

Ni kweli nilikimbia, Orlando. Sikugeuka. Wewe hukuwa umezaliwa nilipokimbia mara ya kwanza kule Mueda, wakati wa vita, nyumba zinaungua pande zote, na mama yako, Mungu amrehemu, nimembeba mgongoni. Nilipovuka Ruvuma nikasema basi, moto na mimi tumeachana. Kumbe moto ulikuwa unanitafuta. Ulipofika mlimani miguu haikuniuliza. Watu niliowapikia uji miaka yote hiyo nikawaacha nyuma, pamoja na wewe.

Hapa Chuno jirani akichoma taka, nasimama wima na kumshika Anna mkono. Chai wananichemshia wao. Sasa mpishi anayeogopa jiko ni wa kazi gani? Mwambie Padre atafute mwingine. Mama Tumaini wa hapo Kitaya ana mkono mzuri, mumwangalie kwenye chumvi tu. Mimi sirudi.

Usinune. Ukinuna midomo yako inafika Msimbati.

Bibi yako,
Lucinda


Kilimani
23 Januari 2000

Mke wangu mkaidi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa kwa sababu ya matope, lori la Godfrey lilikwama njiani kwa muda mrefu. U mzima? Tangawizi bado? Mimi nakula mihogo, na Jumapili samaki. Umeridhika?

Barua yako niliisoma na sikununa. Nilishika jembe tu nikalima hadi giza, Padre akadhani nimeanza toba.

Sasa sikiliza kazi za mumeo. Mabweni mawili yamesimama. Nyasi tumezikwatua kuuzunguka mlima wote, upana wa lori kupita. Moto ukija tena utafika hapo ukute hakuna chakula, utarudi kwao na njaa. Jiko jipya nimelijenga mbali na mabweni, paa la bati, kuta nimezikandika kwa mikono hii hii. Fundi wa Kitaya alikuja kulitazama, akaondoka bila kuaga. Wivu.

Na ndani nikakuwekea zawadi. Nilifukua jivuni nikayatoa mafiga yako matatu, yale mawe ambayo Babu alikuchagulia mtoni. Moja lina ufa, lakini limeshika. Nikayaosha, nikayakandika kwa udongo wa kichuguu, yamekaa kama magego.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama Tumaini alikuja kuanza kazi, mwiko mkononi, kanga kiunoni. Akainama jikoni.

“We mtoto, haya mafiga ya nani?”

“Ya bibi yangu.”

“Amekufa?”

“Yupo Chuno anakunywa tangawizi.”

“Basi na wewe una wazimu. Niwashe mafiga ya mwanamke aliye hai? Unataka mimi ndiye nimzike?”

Akateremka na mwiko wake. Akaja mwingine, akachungulia, hata hakuuliza, akageuka. Padre, ambaye kwao ni Mbinga, akasema mawe ni mawe. Wanawake wakamwambia basi awashe yeye. Sista Doris akasema kama ni hivyo tuyang'oe. Nikaenda nikakaa juu yake. Nikawaambia mimi ni mjukuu, na mjukuu ni mtani: hata kaburini naruhusiwa kulala nikazuia maziko, sembuse jikoni! Padre akacheka mpaka akatoa miwani. Sista hakucheka.

Kwa hiyo tunapikia nje kwenye mawe ya kuokota, na mvua inatuongezea mchuzi. Jiko zuri kuliko yote wilayani limekaa baridi, linakusubiri. Utanijibu nini?

Mumeo,
Fundi Orlando


Chuno
19 Februari 2000

Orlando,

Salamu nitakupa mwishoni, nikiona unazistahili.

Nani alikutuma kufukua mawe yangu? Yangekaa humo jivuni, watu wangesema ya Lucinda yalikwisha kwa moto, na mwingine angeleta yake, bila maneno. Wewe umeyaosha, umeyakandika upya, umeyasimamisha kama bibi harusi. Mafiga yakisimamishwa upya yanamwita mwenyewe. Huo ni utani gani, wa kumwita mtu mahali anapopaogopa?

Fanya hivi. Mwite Mama Tumaini. Mtie chumvi kidogo kiganjani, useme, “Lucinda amekukabidhi, washa.” Useme mbele ya watu wazima wawili, si mbele ya vijana wenzako wa kucheka cheka. Akishapokea chumvi yupo huru, na mimi nipo huru. Wageni wenu wanakuja baada ya Pasaka. Watakula nini, ujeuri wako?

Nimesema kwa ukali kwa sababu barua haina sauti, unaweza kudhani natania. Sitanii.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mvua haijakuletea homa? Vaa lile sweta. Najua halikupendezi, livae hivyo hivyo.

Bibi yako


Kilimani
2 Aprili 2000

Bibi,

Hujambo? Mimi sijambo, nina sweta mwilini ninapoandika hii. Nafanana na mchungaji wa kondoo wasiokuwepo.

Chumvi sijampa Mama Tumaini. Wewe unaomba talaka, mimi nimeikataa kwanza. Ila leo nataka kukuandikia bila utani, kwa hiyo nivumilie, sijazoea.

Unasema ulituacha nyuma. Ngoja nikukumbushe. Siku ile wageni walikuwa katikati ya kimya chao, wamefumba macho kanisani. Sista alikuwa anasali. Mimi nilikuwa nalala, nikijifanya nasali. Aliyenusa moshi ni nani? Ulipiga sufuria kwa mwiko ukapaza sauti, “Mtoni! Mtoni!” Watu wakaanza kukukemea kwa vidole midomoni, wewe ukaendelea kupiga. Padre akasema tuchukue kwanza vyombo vya misa. Mimi nilikuwa naitafuta redio yangu. Wewe tayari ulikuwa unakwenda, tena si kwa njia kuu, uliteremka korongoni, na sisi tukakufuata kwa sababu kati yetu ni wewe peke yako uliyeonekana kujua unakwenda wapi. Nimepita njia kuu ile baadaye, Bibi. Hata mawe yake ni meusi. Kama ungesimama kutungoja, tungekuwa bado tunashauriana hadi sasa.

Kwa hiyo hukutuacha. Ulitangulia.

Mwezi uliopita baadhi ya wageni wale walikuja kutusaidia kuezeka. Mwalimu Emmanueli, yule mnene anayekoroma kwenye tafakari, alinivuta pembeni. “Yule mama aliyekimbia atakuwepo?” Nikamwambia sijui. Akasema, “Kama hayupo, mimi macho sifumbi mlimani hapa.” Umesikia? Hakuuliza habari za uji. Wanamtaka mtu anayeogopa moto. Sisi wengine wote hatujui kuogopa kwa wakati.

Tunafungua Jumatatu tarehe 8 Mei. Godfrey anapanda na lori Jumamosi inayotangulia, nimemwambia kiti cha mbele asimpe mtu. Usipokuja, Jumatatu hiyo nitamtia Mama Tumaini chumvi kiganjani, mbele ya watu wazima wawili, kama ulivyoagiza. Na sitakusumbua tena kwa maneno yangu. Hilo nalo si utani.

Mjukuu wako,
Orlando


Kilimani, nje, penye kuni
Jumanne, 9 Mei 2000

Mke wangu,

Habari za humo jikoni? Mimi hapa nje mzima. Najua ni hatua chache tu, lakini barua bila salamu si barua. Kimya kimeanza tangu jana jioni na Sista ananitolea macho kila nikifungua mdomo, hata kama ni kupiga miayo. Basi nakuandikia, nitaisukuma chini ya mlango.

Kwanza, barua yangu ya Aprili hukuijibu. Mke gani hajibu barua, anateremka tu kwenye lori na kapu lake, anampita mumewe kama nguzo ya simu, na kabla hajamwamkia hata Padre anazunguka mlima mzima kukagua nyasi? Ulininyooshea kidole pale chini ya mkorosho palipobaki majani. Nimepakwatua. Nenda kaangalie.

Pili, uji umekubalika. Mwalimu Emmanueli ameramba kikombe na sasa yupo kanisani amefumba macho. Nilikwenda kuhakikisha. Amefumba yote mawili.

Tatu, nilikuona asubuhi. Njiti ya kwanza ilizima, ya pili ikazima. Nilitaka kuingia nikushike mkono, ila siku ya kuwasha mafiga mwanamume haingii, na Mama Tumaini alikuwa nyuma yako amekushika bega. Nikabaki na mzigo wa kuni kichwani kama mjinga hadi nikaona moshi unatoka. Sijawahi kufurahia moshi hivyo.

Sasa niambie kweli. Utakaa, au lori la Jumamosi linaondoka na wewe? Andika nyuma ya karatasi hii, nyingine sina.

Mumeo


Jikoni, siku hiyo hiyo

Mume wangu,

Sijambo. Huku maharage yanachemka, nanyi mnapumzika kwa jina la Bwana.

Kuni zako ni mbichi, zina moshi mwingi, na moshi ndio nisioutaka. Lete kavu. Chumvi sikumpa Mama Tumaini, nimempa mwiko. Tutapika wawili, na kwenye chumvi namwangalia mwenyewe. Godfrey mwambie Jumamosi apakie magunia yake.

Njiti mbili zilizima, uliona sawasawa. Kesho zitazima tena. Sijapona, nimekuja tu.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kabla sijashika kiberiti, njoo ukae mlangoni. Ukae nje, mgongo uwe kwangu, uangalie nyasi. Usiseme kitu. Nikiona mgongo wako, nitawasha.

Na keshokutwa uje tena.

Bibi yako