Babu Anafungua Bawaba Tuliyoifunga

Mpendwa Shangazi wa ukurasa wa kumi na moja,

Shikamoo. Naomba unisaidie kufikiri, maana nimefikiri peke yangu tangu Alhamisi mpaka kichwa kimegoma, na huyu ninayeishi naye ameshatoa hukumu yake na haoni kama kuna kitu cha kufikiri.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaotuita Wamormoni, wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na tai ambao ukiwaona wanakuja kwa mbali unakumbuka ghafla kwamba umeacha sufuria jikoni. Nimetumikia miezi kumi na tisa kati ya ishirini na minne. Tunaamka saa kumi na mbili na nusu, tunasoma, tunapiga pasi, tunatoka, tunatembea mpaka soli zinalia, na popote nilipo mwenzangu lazima awe mahali ninapoweza kumwona na kumsikia, hata sasa hivi yuko hapa mezani anashona kifungo na kusoma kila mstari ninaoandika. Leo ni Jumatatu, siku yetu ya kufua na kuandika barua, kwa hiyo siibi muda wa mtu. Kwenye beji zetu kumeandikwa "Mzee", ndivyo tunavyoitwa katika kazi hii, na mama yangu hajamaliza kucheka mpaka leo.

Sasa Shangazi, kuna babu mmoja tunayemtembelea kila Alhamisi saa tisa alasiri. Alikuwa fundi seremala kwa miaka arobaini, na mtaa mzima unamwita Babu Msasa kwa sababu hata ukimpa kijiko atakipitishia kidole kwanza aone kama kimesuguliwa sawasawa. Anaishi peke yake, binti yake yuko mbali na humpigia simu Jumapili, karakana yake ya uani ina kufuli, na anasema macho yamemwacha, kichwa cha skrubu hakioni tena. Siku ya kwanza alitufungulia mlango, akasoma beji zetu akiwa amezisogelea kabisa, akasema, "Karibuni wazee wenzangu, nyinyi uzee mliupata lini?" Akatuletea chai tukamwambia dini yetu haituruhusu chai, akauliza kahawa je, tukamwambia wala kahawa, akatutazama kama watu waliofiwa, akatuletea maji ya moto na limau. Tukamwambia kilichotuleta, akasikiliza, halafu akaniuliza mimi, "Na hii kazi ya Mungu ikiisha, utafanya nini?" Nikasema, "Sijui, babu." Na kweli sijui, nilitoka shuleni nikaja huku, sina ujuzi wowote wa mikono, na kila nikihesabu miezi mitano iliyobaki naanza kuhesabu upya. Akasema, "Mm," basi.

Wiki ya pili akasema, "Njooni uani niwafundishe kazi," na mwenzangu, ambaye ni mtu wa kanuni kweli kweli, akamjibu kwa heshima kwamba muda wetu si wa kujifunza mambo yetu wenyewe, ila kama kuna kazi ya kumsaidia yeye, hiyo tunaruhusiwa na tutaifanya kwa moyo mmoja. Babu akasema, "Haya, nimeelewa."

Kuanzia wiki ya tatu nyumba ikaanza kuharibika. Kwanza bawaba ya kabati lake la vyombo ilichomoka, mlango ukaning'inia, basi tukavua tai, tukaifunga, yeye amekaa kwenye kiti anatuelekeza, na nilichukua saa nzima na bado mlango ulikaa upande. Wiki iliyofuata mtoto wa meza alikwama, tukamsugua kwa randa. Halafu kigoda kikalegea mguu, tukakitia gundi na kukibana, na chini tulitandika gazeti lako, Shangazi, na hapo ndipo nilipokufahamu, nilisoma majibu yako kwa yule mke wa mume mwenye wivu huku gundi inakauka juu yake. Halafu mlango wa chumbani ukawa unakwaruza sakafu, tukaung'oa, tukauchonga chini, tukaurudisha. Na Alhamisi iliyopita meza ikang'oka mguu kabisa, akanipa patasi nikachonga ulimi wa mguu uingie kwenye tundu lake, nikauharibu mara mbili, akawa anasema, "Usiulazimishe. Mti unakwambia, wewe husikilizi." Wa tatu ukaingia, Shangazi, ukaingia ukanyamaza, na sijawahi kusikia raha kama ile tangu nizaliwe.

Kila tukimaliza kazi tunanawa mikono na kumfundisha somo letu, na anasikiliza kuliko watu wengi, anauliza maswali mpaka tunatoka jasho. Tulipomweleza habari za nabii wetu wa kwanza, aliyeingia msituni kuomba akiwa kijana wa miaka kumi na minne, aliuliza, "Peke yake? Mama yake alijua?" Tukimwuliza kuhusu ubatizo anasema, "Tutaona nyumba ikisimama."

Sasa sikia. Hiyo Alhamisi iliyopita nilisahau kitabu changu kwenye benchi lake. Tulikuwa tumefika njia panda, tukarudi, dirisha liko wazi, na kabla hatujabisha hodi tukamwona Babu Msasa amepiga magoti mbele ya kabati la vyombo, bisibisi mkononi, anapiga mluzi, anafungua skrubu za bawaba ileile ya kwanza. Yule ambaye haoni! Alizitoa moja moja, skrubu ndogo kama punje za mchele, akazifuta kwa kitambaa, akazitia mfuko wa shati. Halafu akaupima mlango kwa kidole unavyoning'inia, akatabasamu.

Tuliondoka kwa vidole vya miguu kama wezi, na kitabu kikabaki.

Mwenzangu anasema babu anatuchezea shere, anapoteza muda wetu asije akatoa jibu la ubatizo, na kwamba zile saa zote tulizoandika kwenye ripoti kuwa ni huduma si huduma, ni mchezo, na Alhamisi hii atamwuliza usoni. Mimi nasema labda ni upweke. Lakini Shangazi, kama ni upweke, mbona hakutosheka na ugeni wetu wa tangu mwanzo, maana tungekuja hata bila kuvunjika kitu? Swali hilo linanikosesha raha. Na Jumamosi nimeambiwa nahamishwa, naondoka Ijumaa, mwenzangu anabaki na mtu mwingine, kwa hiyo Alhamisi ndiyo ya mwisho kwangu na babu hajui. Nikimwambia tulimwona nitamwaibisha mzee wa watu ndani ya nyumba yake. Nisipomwambia nitaondoka bila kujua nilikuwa nani kwake, mgeni, mchezo au nini. Nimempenda yule babu, na sitaki kuondoka nimedanganywa wala sitaki kuondoka nimemuumiza. Gazeti lako hutoka Jumatano. Barua hii tunaileta wenyewe kwa miguu mpaka mapokezi.

Nifanye nini?

Mimi, Mzee wa miaka ishirini

(Mwenzangu amesoma na anaomba niongeze kwamba yeye hana ugomvi na babu, ila anataka ukweli.)

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na huyo mwenzako naye marahaba, mwambie amalize kifungo chake.

Barua yako nimeivusha foleni. Kuna mama ambaye mume wake anakoroma, amesubiri miaka kumi na minane, wiki moja zaidi haitamuua.

Nianze kwa kukugombeza, maana umenitia hasira kidogo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na nyinyi mnatembea wawili, macho manne, mkachungulia dirishani mkaona kila kitu mpaka ukubwa wa skrubu, halafu hamkuona kitu. Mimi mwenyewe sikuona pia, nakiri. Nilisoma mara ya kwanza nikasema kama wewe, upweke, nikaanza kuandika jibu zuri la kuliza watu. Lakini swali lako lilinikera. Kama anataka wageni tu, kwa nini asilegeze kitu kimoja hichohicho kila wiki? Bawaba inatosha kumleta mtu mwaka mzima.

Sasa hapa ofisini kuna fundi anayetutengenezea viti, mtu wa maneno machache. Alikuwa chini ya meza ya mpiga picha wetu. Nikamsomea orodha yako: bawaba, mtoto wa meza, mguu wa kigoda, mlango, halafu ulimi na tundu. Nyundo ikanyamaza.

"Kwa mpangilio huohuo?" akauliza.

"Huohuo."

Akatoka chini ya meza na vumbi lake. "Mama, huo ni mwaka wangu wa kwanza wa ufundi. Mimi nilifundishwa hivyohivyo. Kwanza skrubu, halafu randa, halafu gundi, halafu kitu kizito, halafu patasi. Huyo mzee hajaharibu nyumba. Anafundisha."

Unaona sasa? Rudi kwenye barua yako mwenyewe, uliyaandika yote kwa mkono wako. Siku ya kwanza alikuuliza utafanya nini kazi ya Mungu ikiisha, ukasema hujui. Wiki ya pili akajitolea kukufundisha, na mwenzako mtu wa kanuni akamjibu kwamba kujifunza hapana, kusaidia ndiyo. Mzee wa watu akasema ameelewa. Mwanangu, aliwaelewa kuliko mlivyojielewa! Hakuivunja kanuni yenu hata kidogo. Alivunja kabati lake. Vitu alivyovitengeneza kwa mikono yake na kuishi navyo miaka yote hiyo, akavilegeza kimoja baada ya kingine ili mtoto wa mtu mwingine asirudi kwao mikono mitupu. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikaenda kunawa uso.

Nyinyi mlikuwa na masomo yenu kwenye mkoba, mnafundisha la kwanza, la pili, la tatu, na mnafurahi mwanafunzi anasikiliza. Naye alikuwa na ya kwake. Tofauti ni kwamba yeye alijua darasani kuna walimu wangapi.

Upweke? Upo, sikatai. Mtu aliyetia kufuli karakana hakosi upweke. Lakini usimpunguze fundi mzima akawa kibabu cha kuonewa huruma.

Sasa iko bawaba ya Alhamisi iliyopita, ile ya kwanza, ambayo wewe mwenyewe unasema ulitumia saa nzima na mlango ukakaa upande. Nilimwuliza fundi wetu kwa nini arudi mwanzo. Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka. "Fundi wangu naye alinifungulia ileile mara ya pili. Akakaa kitini, akanitazama."

"Anatazama nini?"

"Kama nitauliza."

Huo ni mtihani, mwanangu. Uko kesho saa tisa, na mimi nimeshakuvujishia, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Kesho mnakwenda wote wawili. Mwenzako hatamwuliza mtu chochote usoni, na kama ulimi unamwasha aung'ate. Ukiingia usikimbilie kitabu chako, hakijaenda kokote. Babu atakaa kwenye kiti chake na kusema macho yamemwacha. Mwache yamwache. Wewe vua tai, chukua bisibisi, funga hiyo bawaba kuanzia skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho, na usiulize hata neno moja. Usipoziona skrubu, nyoosha mkono mbele ya mfuko wa shati lake usubiri. Hapo atajua kwamba unajua, na hakuna atakayeaibika. Ukimaliza fungua mlango, uachie, uone kama unajifunga wenyewe. Ukikaa upande, fungua uanze upya, hata ikichukua alasiri nzima.

Halafu mwamkie upya. Shikamoo, mwalimu. Hivyo tu, usimhutubie. Kisha umwambie wewe mwenyewe kwamba Ijumaa unaondoka, asije akasikia kwa mtu mwingine, na ukae naye anywe chai yake na wewe unywe maji yako.

Habari ya ubatizo iache kwake na kwa Mungu wake. Mfundisheni kama mnavyofundisha watu wote, lakini msije mkaona kwamba sasa anawadai au mnamdai, na kwamba bawaba moja inalipwa kwa ndiyo moja. Na wewe mwenzake, usijifiche nyuma ya kifungo, nimekuona. Unabaki. Huyo mpya atakayekuja pengine hajawahi kushika patasi, na ninahisi wiki ijayo kuna kitu kitachomoka katika nyumba ile. Kitengenezeni. Kuhusu ripoti, kama saa zile zinakusumbua, mweleze kiongozi wenu ukweli wote kama ulivyonieleza mimi, na uone kama naye hataomba kuja siku moja.

La mwisho, Mzee wangu wa miaka ishirini. Babu Msasa alikuuliza swali siku ya kwanza, akasema "Mm", na tangu hapo ni karibu miezi miwili anasubiri jibu huku nyumba yake inang'oka. Kabla hujatoka mlangoni kwake, mjibu. Kama jibu bado ni "sijui, babu", sema hivyohivyo, hakuna dhambi. Lakini useme bisibisi ikiwa bado mkononi mwako, na akikwambia ondoka nayo, usikatae.