Korido ya Mama

Shoga, uko? Natoka chuoni kwa mdogo wangu sasa hivi.

Leo wanafunzi walikuwa wanatetea michoro yao ya nyumba mbele ya walimu. Akifeli hii, chuo basi. Kaweka mezani kijumba chake cha kadibodi. Nyumba yetu ile ile, ila korido kaipanua.

Mwalimu kauliza, "Kijana, korido gani hii, unapitisha ng'ombe?" Wote wakaangua kicheko.

Wewe unajua. Unajua tulivyokuwa tunambeba marehemu mama kwenda chooni kwenye korido ile nyembamba, mimi huku, yeye kule, viwiko vinachubuka ukutani, mpaka mama anatuomba msamaha. Mama, shoga, ndiye anaomba msamaha!

Nikasema moyoni, sasa mdogo wangu atawaambia. Kainamia kijumba chake tu. Nikainuka niseme mimi, akanitazama, akatikisa kichwa.

Mwalimu kachukua wembe, kaikata korido, kasogeza ukuta. "Unaona? Sasa ndiyo nyumba."

"Naona, mwalimu. Asante."

Asante! Eti asante!

Amefaulu, shoga. Nimempa hongera hapo getini. Kaniambia, "Dada, ningemtaja mama ningelia mbele yao." Halafu akalia.