Nilitoa Magodoro ya Mama Nipate Studio, Sasa Sauti Haikai

Mama Ghita mpendwa, naomba unisaidie, na ukinisoma redioni tafadhali usitaje jina la ukoo, maana hapa Meknes wananijua, nilikaa dirishani posta miaka mingi nikiwauzia stempu, na tangu nistaafu kazi yangu ni moja tu, kuimba malhuni, zile kasida ndefu ambazo mmoja anaimba ubeti na wenzake wanamwitikia, ila wenzangu wawili wamefariki, mmoja yuko kwa mwanawe Lyon na aliyebaki hasikii tena, kwa hiyo naimba ubeti mwenyewe, kisha najirekodi nikiitikia, narudia tena na tena mpaka wafike waitikiaji watano, na wote hao ni mimi.

Kinachonitesa ni chumba. Mama yetu alipofariki nilibaki peke yangu nyumbani, nikaamua sebule ya wageni iwe studio, na sebule zetu unazijua, vigae mpaka kifuani, plasta juu, dari ya juu sana, na magodoro ya sufu yamezunguka kuta zote, na kila alasiri jirani huyu anaingia, yule anaingia, wanakaa, wanataka chai, wananisimulia magoti yao yanavyouma, na mimi nataka kurekodi, nikaona dawa ni kuyatoa magodoro, pasipo na pa kukaa hakai mtu. Dada yangu Zhour akaja akayakuta uani. Akaniuliza kama nimesahau kwamba mama aliifua sufu ile kila kiangazi na kuichambua kwa mikono yake, nikamjibu kuwa mimi nahitaji ukimya, sihitaji wageni. Akaniangalia akasema, "Utaupata huo ukimya, Abdelhak." Akaita gari dogo, akayabeba yote kwake mtaa wa Hamria, na tangu siku hiyo hajanipigia simu, huu ni mwaka wa pili, lakini hilo ni jambo lingine, sikuandikii kwa ajili yake.

Ninachouliza ni hiki. Siku ya kwanza nilipoimba, sauti iligonga vigae ikanirudia imevurugika, ungedhani niko hamamu, nikabandika trei za mayai, wapi, haikusaidia kitu, nikanunua sponji nyembamba nyeusi kama za kwenye video, nikazibandika kuta zote, sasa maneno yamefifia lakini mvumo haujaondoka, nikigusa uzi mnene wa udi, hiki chombo cha nyuzi ninachojipigia, kila pembe inanguruma, na waitikiaji wangu watano wanasikika kama mzee mmoja aliyetumbukia kwenye tangi la maji. Juzi nilicheza rekodi, ubeti ukaisha, nikajikuta nimenyamaza nasubiri mtu aseme "Allah" kwa kusifu kama walivyokuwa wakisema wale wageni wa mama, hakuna aliyesema, na sikufichi, nililia. Nina sponji nyingine za kuweka safu ya pili. Niziongeze, au nizibe na dirisha kwa matofali?

Abdelhak

Abdelhak, ndugu yangu, iache hiyo gundi. Na matofali yarudishe ulikoyatoa.

Pole. Kujiitikia mwenyewe mara tano ni upweke, na nimekuhurumia kwelikweli. Sasa nisikilize, maana mimi nimezeekea kwenye vyumba vya redio na mambo haya nayajua kidogo. Sponji nyembamba inameza sauti nyembamba tu. Ile nzito inapita humo kama haikuona kitu, inagonga ukuta, inarudi kujazana pembeni. Ukiongeza safu ya pili utayamaliza maneno yaliyobaki, na mvumo utakuwa palepale. Dirisha usiliguse, sauti inayotoka nje kupitia dirishani hairudi kukusumbua. Kinachoshika sauti nzito ni kitu kinene, kinachopitisha hewa, kikiegemea ukuta na hasa kwenye pembe. Kitu hicho unakijua. Ulikuwa nacho kuta zote, ukakitoa uani.

Haya, tuje kwenye hilo "jambo lingine". Sponji umeniandikia kwa kirefu, dada yako umempitia mbio kama mtu anayekudai. Mwanamke amefiwa na mama yake, amesimama mlangoni mwa nyumba aliyozaliwa, unamwambia huhitaji wageni. Ulitaka aelewe nini? Kisha unakaa unangoja yeye ndiye apige simu! Mtu mzima wewe, na mvi zako.

Sasa fanya hivi. Bandua nusu ya sponji. Nenda kwa washonaji wa magodoro, nunua manne ya sufu, mawili yasimamishe kwenye pembe nyuma yako, mawili yalaze chini ya kuta za pembeni. Tandika zulia zito. Unapoimba usisimame katikati kabisa ya chumba, sogea kidogo. Utasikia tofauti siku hiyohiyo.

Nimesema nunua. Sikusema nenda Hamria ukayadai yale ya mama. Ukianza na magodoro, Zhour atajua umefuata studio. Atakupa, kwa sababu ni ya mama yenu nyote wawili, halafu atafunga mlango, na wewe utabaki na chumba chenye sauti nzuri na hakuna wa kukisikiliza. Nenda Ijumaa baada ya sala, saa ya kuskusi, chakula chetu cha Ijumaa, hapo hakuna anayemfukuza mtu. Chukua koni ya sukari, lile bonge refu tunalopeleka tukiomba radhi. Mwambie kwa heshima ya dada mkubwa, "Lalla Zhour, nilikukosea. Njoo unywe chai kwangu, na majirani waambie waje." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikutukana, kula huku ukisikiliza.

Wakirudi watakohoa katikati ya ubeti na kugonga bilauri. Rekodi hivyohivyo. Watu waliovaa majalaba ya sufu nao wanameza mvumo, na kuna atakayekuitikia ambaye si wewe.

Na kama Zhour hatafungua? Rudi Ijumaa inayofuata, na nyingine baada ya hiyo. Amekuzidi umri, na wewe mwenyewe umeshastaafu, kwa hiyo usiniambie utaanza mwezi ujao. Leo ni Jumatano.

Mama Ghita